Biskuti Zilizogongwa Mhuri

YAH: UTATUZI WA MGOGORO WA UMILIKI WA OVENI MOJA (1) YA GESI, RANGI NYEUPE, ILIYOTOLEWA KAMA ZAWADI YA MSHINDI WA KWANZA WA MASHINDANO YA BISKUTI ZA VIUNGO ZA KRISMASI, KIJIJI CHA KWEMLAGA: TAARIFA YA AWALI YA KAMATI NDOGO YA MUDA.

Ndivyo linavyosomeka jalada lile, na ndani yake mna karatasi arobaini na moja. Lakini nyinyi hamkuja kusomewa jalada. Sogezeni viti basi, na mwenye biskuti mdomoni ameze kwanza, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki kujibiwa na makombo.

Hapo zamani, si zile za sungura kuzungumza bali hizi za juzi tu, umeme ulipokuwa umeshafika ofisi ya kijiji na bado unatafuta njia ya kufika kwa watu, walikuwepo wanawake watatu huko Kwemlaga, milimani Usambara, ambako iliki huota kwenye vivuli vya msitu na mtu akitoka kukata kuni hurudi ananukia kama pilau.

Wa kwanza aliitwa Eulalia. Huyu alikuwa na pua. Msicheke. Kila mtu ana pua, lakini ya Eulalia ilikuwa na ajira. Ukimpelekea mdalasini wa unga alinusa mara moja tu, akakwambia umetwangwa lini, katika kinu cha nani, na kama kinu hicho kilitwanga kitunguu saumu wiki iliyopita.

Wa pili aliitwa Skolastika, wifi yake Eulalia, dada wa mumewe. Huyu alikuwa na mkono. Aliunyoosha juu ya mkaa, akajua: moto huu ni wa maandazi, huu ni wa mkate, huu ni wa biskuti, na huu ni wa kumuunguzia mume ugali kwa makusudi.

Wa tatu alikuwa Bi Mwanakombo, jirani yao, Mwislamu aliyezaliwa Pangani akaolewa huko juu. Huyu alikuwa na koni. Hakuna bibi harusi wa Kwemlaga aliyeolewa bila mikono yake kupita mbele ya koni ile ya nailoni iliyojazwa hina. Ikifika Desemba, Bi Mwanakombo alikunja koni mpya, akaijaza sukari badala ya hina, akapamba biskuti za Krismasi. Ikifika Idd, wale wawili walikwenda kwake kukaanga, kuonja na kusugua masufuria. Hawakuwahi kuandikiana mkataba.

Mmoja pua, mmoja mkono, mmoja koni. Kwa miaka thelathini mambo yalikwenda hivyo.

Oveni hawakuwa nayo, wala kijijini hapakuwa na mtu aliyekuwa nayo. Waliokea ndani ya sufuria kubwa: mchanga chini, sinia juu ya mchanga, mfuniko wa bati, mkaa chini na mkaa juu. Saa hawakuhitaji. Biskuti ile ya ngano, siagi, sukari na viungo, isiyotiwa yai wala maji, ile inayomomonyoka ukiitazama vibaya, ilitaka sala ya Nasadiki, ile ya kanisani, mara kumi na mbili kwa mwendo wa kawaida. Kwa mwendo wa Skolastika akiwa na njaa, ilitaka kumi na tano.

Basi mwezi wa kumi na moja ikaja barua. Mtendaji wa kijiji, Bwana Anania Shemboza, mtu mwenye mhuri mmoja na mapenzi mengi juu yake, aliita mkutano akaisoma akiwa amesimama. Yatafanyika Mashindano ya Biskuti za Krismasi kwa lengo la kuhamasisha nishati safi ya kupikia. Biskuti ziwe na umbo la nyota. Nyota iwe na ncha tano, na ncha zote zilingane. Mshindi atapata oveni ya gesi, mtungi ukiwa umejaa. Washiriki wote watatumia nishati safi.

"Mtendaji," Skolastika alisimama. "Hiyo nishati safi tunaipata wapi?"

"Mshindi atapewa oveni, mama."

"Na kabla hajashinda?"

Bwana Shemboza alitazama barua. Akaigeuza. Nyuma hapakuandikwa kitu.

"Tumieni mkaa," alisema, "lakini kwa nia safi."

Watu walicheka. Eulalia hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma, ameshika upindo wa kanga, moyo unamdunda kama wa msichana aliyetumiwa posa. Maana mwezi wa kumi alishuka hospitali kwa ajili ya macho yake yaliyokuwa yakitoa machozi pasipo msiba, na daktari alimmulika kwa kurunzi, akasema: "Mama, hapa kuna vitu viwili, moshi na macho. Chagua kimoja." Akamwandikia karatasi. Eulalia aliikunja karatasi, akaitia ndani ya kopo la iliki, akafunga kopo. Hakumwambia mume, hakumwambia wifi, hakumwambia jirani. Alijiambia mwenyewe tu: oveni ikija kwangu, nitaoka mpaka nizikwe na kinu changu. Isipokuja, hii ndiyo Krismasi yangu ya mwisho jikoni.

Wakaenda kujiandikisha. Fomu ilikuwa na mstari mmoja, mfupi, ulioandikwa "Jina la mshiriki".

"Tupo watatu," alisema Bi Mwanakombo.

"Mstari ni mmoja," alisema Bwana Shemboza.

"Basi tuandike kwa udogo."

"Kuandika kwa udogo ni kufoji." Aliinamia fomu, akafikiri kama mtu anayepasua jiwe, kisha uso ukamng'aa. Majina yao matatu aliyaandika juu kabisa, ukingoni, pale penye nafasi. Halafu kwenye mstari wa mshiriki akaandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: *Tajwa hapo juu*. Akagonga mhuri. Ukingo ule ulikuja kukatwa na mashine ya kunakili huko wilayani, lakini hilo tutalifikia.

Siku mbili kabla ya Krismasi, asubuhi, wakaanza.

Ilianza pua. Kamati ya mashindano ilikuwa imegawia kila kikundi pakiti ya mdalasini wa unga. Eulalia alifungua pakiti, akainusa, akaifunga tena taratibu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta jirani anaoga.

"Hili ni ganda la mti," alisema. "Mti wenyewe ndio siujui. Nadhani ni dawati."

Akapanda mlimani kwenye mdalasini wake mwenyewe, aliourithi kwa mama yake. Akatoa ganda, akalikausha juu ya bati, akatwanga. Akatwanga na iliki pamoja na sukari ili harufu isitoroke. Akatia karafuu tatu. Akafikiri. Akatoa moja. Akakuna kungumanga, kidogo tu, cha kumshtua mlaji bila kumwamsha. Bi Mwanakombo alikaa pembeni yake akimpimia unga na kumtajia vipimo kwa sauti, kikombe kwa kikombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote.

"Shoga, leo umekuwa karani?" Eulalia alimuuliza.

"Ninajifunza kuhesabu," alijibu Bi Mwanakombo. "Uzeeni kunahitaji hesabu."

Ukaja mkono. Skolastika alipanga mkaa chini, akapanga mkaa juu, akanyoosha kiganja. "Bado. Bado. Sasa." Kisha akafoka: "Wifi, hama hapo! Nenda kule upepo unakotoka. Umekaa kwenye moshi kama samaki wa kubanika!"

"Hapa pananitosha."

"Panakutosha, lakini mimi sikutaki. Hama!"

Eulalia akahama akinung'unika kwamba mawifi ni adhabu ya Mungu kwa wanawake waliopata waume wazuri. Skolastika akasema waume wazuri ni kaka zake watu. Sinia la kwanza likaiva. La pili likaiva. La tatu, lile la mwisho, lenye nyota zilizokatwa vizuri kuliko zote, liliingia, na Skolastika alikuwa Nasadiki ya tisa wakati Bwana Shemboza alipotokea uani na faili kwapani. Amekuja kwa ukaguzi wa awali.

Sasa, nyinyi mnajua. Kwemlaga salamu haikatwi. Mtu akikusalimu ukanyamaza, umemtukana yeye na wazazi wake. Lakini Nasadiki nayo haikatwi, maana ukiikata hesabu imekwenda na biskuti zimekuwa mkaa. Skolastika alikuwa na mdomo mmoja. Akaamua kuutumia kwa yote mawili.

"Shikamoo, mama Skolastika."

"Marahaba, Mwumba wa mbingu na dunia."

"Habari za tangu juzi?"

"Akateswa."

Bwana Shemboza akasita. "Pole sana. Na... na mumeo, mzee Kanuti, hajambo?"

"Akafa, akazikwa," alisema Skolastika, jicho kwenye mfuniko.

Mtendaji alivua kofia. Akasimama kimya kwa muda wa dakika moja kamili, kama inavyoelekezwa, kisha akafungua faili akaanza kuandika barua ya rambirambi. Eulalia alijibana mbavu kwa kanga asicheke kwa sauti. Bi Mwanakombo hakujibana, alianguka tu ubavuni mwa kinu. Skolastika akamaliza ya kumi na mbili, "Amina!", akainua mfuniko kwa koleo, cheche ikamrukia vidoleni, na ndani yake nyota ishirini zilikuwa zimekaa zote, rangi ya dhahabu ya pete ya kweli.

Ikaja koni. Sukari ilitwangwa ikachekechwa kwa kitambaa, ikakorogwa na ndimu, ikawa aisingi nyeupe inayovutika. Bi Mwanakombo alichora juu ya kila nyota ua lile lile alilowachora mabibi harusi kiganjani: kikonyo, majani mawili, ua, na vidoti vya kusindikiza. Nyota sitini, maua sitini. Eulalia alizitazama zikimcheza machoni, akaona nyota mia moja na ishirini, zote nzuri.

Wakati anamalizia ya mwisho, akaja jirani wa kwanza kutoka kikundi kingine, ameshika sinia lake, amejaa haya. "Bi Mwanakombo, samahani... kidogo tu." Bi Mwanakombo akapamba. Akaja wa pili. Akapamba. Akaja wa tatu, akaja wa nne. Hadi jua linapinda, alikuwa amepamba masinia ya vikundi vyote vinane vilivyobaki, kwa ua lile lile.

Skolastika alipogundua, alishika kiuno. "Umewapamba na maadui!"

"Shoga, bibi harusi hanyimwi hina."

"Hawa si mabibi harusi! Hawa ni wapinzani!"

"Sasa walisimama mlangoni na sinia, ningesemaje? Niseme sina sukari, na ndevu zangu nyeupe hizi?" Na kweli, sukari ilikuwa imemjaa kidevuni.

Kesho yake, mkesha wa Krismasi, mchana kweupe, meza ndefu ilipangwa mbele ya ofisi ya kijiji. Oveni ilisimama juu ya kibao, nyeupe, imefungwa utepe, mtungi wa gesi pembeni yake kama mpambe. Mgeni alikuwa afisa kutoka wilayani. Jina lake hatukulijua, kwa sababu utambulisho ulichukua muda wote na ukakatishwa kabla haujamfikia yeye.

Bwana Shemboza akatangaza kwamba kila biskuti itakayopokelewa itagongwa mhuri, kuzuia udanganyifu. Kidau chake cha wino kilikuwa kimekauka tangu Septemba na ombi la wino lilikuwa linashughulikiwa. Lakini mtendaji haachi kazi kwa kukosa wino. Aliuosha mhuri kwa sabuni na maji ya moto, mara ya kwanza katika historia ya mhuri ule. Akaona kibakuli cha Bi Mwanakombo chenye rangi nyekundu ya chakula, aliyokuja nayo kwa ajili ya kurekebisha vidoti. Akachovya. Na kabla mtu hajavuta pumzi: *to! to! to!* nyota ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katikati ya kila ua, duara jekundu: OFISI YA KIJIJI KWEMLAGA, IMEPOKELEWA, 24 DES.

"We Anania!" Skolastika alipiga ukelele, mfuniko wa bati aliofunikia sinia tayari uko hewani. Wanaume wawili wakamshika. Mmoja wao alikuwa mumewe, mzee Kanuti.

"Marehemu, kaa pembeni," alisema Bwana Shemboza bila kusimama. *To! to! to!*

Alipomaliza zote sitini, aligeukia sinia la pili, akakuta mwenyewe amelikumbatia. La tatu lilikuwa limepanda juu ya kichwa cha mtu. La nne lilikuwa limekaliwa, yaani mwenyewe alilifunika kwa gauni akakaa mbele yake. "Mhuri huo umegonga barua zetu za kuitwa barazani," walisema wenye masinia, "biskuti zetu hautazigusa." Mtendaji akaona ni waasi wanane, akawaandika majina, akaendelea na ratiba.

Eulalia alisogeza sinia lake karibu na uso mpaka pua ikagusa. Hata yeye aliyaona yale maduara. Akasema moyoni: basi imekwisha. Nani atampa oveni mtu aliyeleta biskuti kama barua ya serikali?

Na hapo ndipo akaja punda.

Punda huyu alikuwa ameazimwa kijiji cha jirani kwa ajili ya igizo la kanisani, ambebe Mariamu mpaka Bethlehemu. Alikuwa akipitishwa njiani kwenda kwenye mazoezi, msichana wa kuigiza Mariamu akiwa mgongoni; mnyama mpole, mwenye sifa nzuri. Lakini harufu ya iliki ikamfikia. Akasimama. Akafikiri. Akamwacha Mariamu amekaa barabarani, akaja moja kwa moja, akaingiza kichwa chini ya meza na kuinuka nayo. Masinia tisa yakapaa. Nyota mia tano na arobaini zikamwagika juu ya turubai jipya lililokuwa limetandikwa kwa heshima ya mgeni.

Nyota zote nyeupe. Zote ncha tano. Zote ua lile lile.

"Hizi ni zangu!" "Zako wapi, hizo zangu!" "Mimi najua zangu!" "Unazijuaje?" "Zina ua!" Zote zilikuwa na ua. Punda alikula nne akaonekana kuridhika.

Afisa aliinama, akavaa miwani, akafungua kanuni. "Kanuni ya saba," alisema. "Biskuti isiyoweza kuthibitishwa mwenyewe haitapewa alama." Akapapasa turubai, akaokota moja yenye duara jekundu. Akaitazama kwa muda mrefu. Miaka ishirini na sita alikuwa kazini, alikagua visima, vyoo, mizinga ya nyuki, na hakuwahi kuona kitafunwa chenye tarehe ya kupokelewa. Akaing'ata.

Akafumba macho. Akaimaliza. Akaokota nyingine yenye mhuri, akaimaliza pia, halafu ndipo akakumbuka kalamu.

"Ladha, thelathini na nane kwa arobaini. Uivaji, thelathini kwa thelathini. Mapambo, thelathini kwa thelathini."

"Hizo mbili zimekwenda wapi?" Eulalia aliuliza.

"Hakuna anayepewa arobaini, mama. Ni sera." Akaifungua nakala yake ya fomu, ile iliyokatwa ukingo na mashine, akainua sauti. "Mshindi ni... Tajwa Hapo Juu! Bwana au Bibi Tajwa Hapo Juu ajitokeze!"

Watu wote walitazama juu. Hapakuwa na kitu isipokuwa mawingu.

Walipomaliza kumweleza, afisa alikunja uso. "Oveni ni moja, sahihi ni moja. Siwezi kukabidhi mali kwa watu watatu. Semeni, nani aliyeshinda?"

Eulalia akatangulia. "Nipeni mimi. Alama kubwa kuliko zote ni za ladha, na ladha ni pua yangu. Ningekubali ule unga wa kamati, leo mheshimiwa angekuwa anatafuna dawati lenye maua. Biskuti hii ni mdalasini wa mama yangu na miguu yangu iliyoufuata."

Skolastika akamfuata. "Nipeni mimi. Pua ya wifi ni nzuri, lakini inusisheni unga mbichi muone kama mtashiba. Kilichoufanya unga uwe biskuti ni mkono huu." Akaunyoosha, vidole viwili vina malengelenge. "Kabla hamjaionja biskuti, mkaa umenionja mimi. Nilishika hesabu hadi nikamzika mume wangu akiwa hai."

"Nimesamehe," alisema mzee Kanuti, anatafuna.

Bi Mwanakombo akajitengeneza mtandio. "Basi nami nipeni. Chakula huliwa na macho kwanza, na mapambo nimepata thelathini kwa thelathini. Nyinyi mmeshinda mara moja. Mimi yale masinia manane mengine nayo uzuri wake ni wangu. Shindano hili nimelishinda mara tisa."

"Na kwa hizo mara nane ulikuwa unatuangusha sisi!" alisema Skolastika.

"Umbeya wa mawifi siujibu."

Bwana Shemboza akakohoa. "Kwa niaba yangu mwenyewe," alisema, "naomba kuwasilisha hoja. Bila mhuri, biskuti hizi zingekuwa mali isiyo na mwenyewe, na mshindi asingekuwepo. Pua ilinusa, mkono ukaoka, koni ikapamba, lakini mbele ya punda vyote vitatu havikusaidia kitu. Nilichogonga ndicho kilichoshinda. Mimi pia ni mtu. Nina meza nyumbani."

"Uligonga bila kuombwa!"

"Serikali haisubiri kuombwa, mama."

Punda naye akalia, kwa kirefu. Katika kumbukumbu za kikao imeandikwa: *Mjumbe mmoja alichangia.*

Watu walikuwa wanacheka hadi wanashikana mabega, na moshi wa pilau la sherehe, lililokuwa linapikwa nyuma ya ofisi, ukageuza njia ukaja upande wao. Macho ya Eulalia yakafunguka kama bomba.

"Mama, unalia?" afisa aliuliza. "Tafadhali usilie, ni biskuti tu."

"Halii," alisema Skolastika, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ni moshi. Analia hivyo tangu mwezi wa kumi, na karatasi ya daktari iko ndani ya kopo la iliki."

Eulalia aligeuka. "Nani amefungua kopo langu?"

"Mimi. Nilikuja kuazima iliki, nikaazima na habari. Unadhani kwa nini nilikufukuza kwenye moshi? Kwa sababu nakuchukia?"

"Na mimi wifi yako aliniambia," Bi Mwanakombo alisema akitazama chini. "Ndiyo maana nikawa karani. Eulalia, mwaka jana ulitia chumvi mara mbili tukasema ni nzuri."

"Basi nipeni mimi oveni, kwa haki yangu," Skolastika alimwambia afisa. "Nikishaipata, najua nitaiweka nyumbani kwa nani."

"Hata mimi," alisema Bi Mwanakombo.

Wote wakamtazama Bwana Shemboza. Akavua kofia. "Mimi," alisema, "nilikuwa sijafika kwenye kipengele hicho. Lakini hata mimi."

Mngedhani hapo Eulalia angepiga vigelegele. Alichokitaka kilikuwa mbele yake, cheupe, na utepe. Lakini Eulalia alifuta macho kwa upindo wa kanga, akapandisha pua ile hewani.

"Sitaki," alisema. "Mimi nilikuja kushinda, sikuja kuombewa. Nikipewa kwa pua, napokea kwa mikono miwili. Nikipewa kwa macho, irudisheni wilayani. Miaka thelathini nimenusa, leo nije nishinde kwa ugonjwa?"

Na lipo jambo lingine ambalo hakulisema. Alikuwa ameisogelea oveni kuinusa. Ilinukia plastiki na upweke. Ina kitufe; unabonyeza, moto unakuja wenyewe. Atamwita Skolastika aje kuusoma moto gani? Na Skolastika asipokuja kufoka, nani atamhamisha kwenye kiti?

Afisa alitazama saa. Akaunda Kamati Ndogo ya Muda. Akachukua biskuti kumi na moja kwa uchunguzi zaidi. Akapanda gari akaondoka.

Haya. Nyinyi mliokaa hapo mkilamba vidole, sasa kazi ni yenu. Ladha ni ya Eulalia, uivaji ni wa Skolastika, uzuri ni wa Bi Mwanakombo, na bila mhuri wa Anania Shemboza pasingekuwepo mshindi. Mmoja anaihitaji lakini haitaki kwa huruma. Wawili wanaitaka ili waigawe. Na mmoja alikosea vizuri kuliko wenzake walivyopatia. Je, oveni ile ilimstahili nani?

Tangu itoe ile taarifa ya awali, Kamati haijakutana tena hadi leo, kwa kukosa akidi. Oveni ilibaki ofisini kwa usalama, kati ya kabati la mafaili na dirisha. Desemba iliyofuata Eulalia alikwenda pale na mdalasini wake, Skolastika akaweka mkono juu ya mlango wa oveni akasali Nasadiki kumi na mbili, Bi Mwanakombo akapamba, na mtendaji akagonga mhuri nyota zote sitini. Hapakuwa na moshi.